Barua waliyoibeba vichwani

Sahibu yangu Hamisi,

Assalamu alaikum. Natumai u mzima, na wanafunzi wako wa chuoni hawajambo. Sisi tu wazima, ila baba ndiyo goti linamsumbua.

Juzi nimetazama filamu ya Kijapani iliyotoka 2022, na tangu hapo nakuwaza wewe. Inamhusu Hatao Yamamoto, mtu aliyekuwapo kweli; anaigizwa na Kazunari Ninomiya. Vita vya Pili vya Dunia viliisha Agosti 1945, lakini kwa Wajapani wapatao 600,000 waliokamatwa na Wasovieti, wengi wao huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa Uchina, taabu ndiyo kwanza ilianza. Walipelekwa Siberia na kwingineko kukata magogo, kuchimba madini na kujenga reli kwenye theluji. Takriban 60,000 walifia huko. Yamamoto alijua Kirusi na aliwahi kufanya kazi ya ujasusi jeshini, katika mji wa Harbin hukohuko Manchuria. Wasovieti wakamhukumu kifungo cha miaka 25.

Katika kambi ya wafungwa ya Khabarovsk, mashariki ya mbali ya Urusi, aliwakusanya wenzake wakawa wanatunga haiku, yale mashairi mafupi ya Kijapani. Watu wana njaa, wamechoka hoi, na bado wanahesabu mizani! Hapo nililia.

Saratani ya koo ikamshika. Kabla ya kufa, Agosti 1954, aliandika wosia: kwa jamaa wote, kwa mama yake, kwa mkewe Mojimi na kwa watoto wao wanne. Lakini maandishi yalikuwa yakinyang'anywa kwenye ukaguzi, na mwenye nayo angeweza kuambiwa mpelelezi. Basi wenzake wakagawana wosia ule, wakauhifadhi moyoni. Wafungwa wa mwisho walirudishwa Desemba 1956 kwa meli hadi bandari ya Maizuru, Japani, ndipo wakaanza kumfikishia mjane amana yake.

Filamu ina kasoro. Muziki unalazimisha machozi, na nyuso za wafungwa zimeshiba mno. Ila yule mbwa mweusi, Kuro, anayeikimbilia meli juu ya barafu, usidhani ni chumvi ya watunzi. Alikuwapo.

Sasa niambie wewe uliyehifadhi Kurani na unayehifadhisha. Mtoto wa chuoni ana mwalimu wa kumsahihisha na msahafu wa kurejea. Hawa walikaa zaidi ya miaka miwili, kazi ngumu mchana kutwa, na maneno yenyewe ni ya mtu mwingine kwa watoto wa mtu mwingine. Waliyashikaje yasipotee? Ukiwa na nafasi itazame, halafu uniandikie kwa kirefu.

Nisalimie mama na shemeji.

Nduguyo,
Bakari