Abiria wasinyamaze utingo akimtusi mwanamke

Mhariri,

Katika stendi za Kisumu na Kondele, utingo wa matatu humvuta mwanamke mkono, humtusi kwa sketi yake au kabila lake, na gari zima hutazama simu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa jinsia, kabila na hata mavazi. Anayemvua mtu nguo kwa nguvu anaweza kufungwa hadi miaka 20 chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 251A.

Anayetaka kusaidia asianze kumfokea utingo. Wenzake watajaa mlangoni na matusi yatageuka ngumi. Azungumze kwanza na dada mwenyewe: "Njoo ukae hapa karibu nami." Kisha amwambie dereva, kwa sauti ya kusikika nyuma, asimamishe gari. Abiria wawili watatu wakiitikia, utingo hunywea mara moja.

Malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu mtu husema tu "ile nganya (matatu) ya Kondele". Andikeni nambari ya usajili, jina la sacco (chama cha wenye matatu), saa na mahali. Mkirekodi video, pigeni picha ya nambari ya gari na sura ya mkosaji, si mwili wa mwathiriwa. Na msiisambaze WhatsApp (huko ni kumvua mara ya pili). Kituoni kwa polisi, msiondoke bila nambari ya OB (kitabu cha kuandikia ripoti). Ushauri kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia hutolewa bure kwa simu 1195.

Nazo sacco zibandike ndani ya gari nambari ya kupokea malalamiko. Nafasi ipo, palipojaa stika za kuwadhihaki wanawake.

Abiria,
Kisumu