Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, chama chetu cha kipandauso cha kizunguzungu, Nakuru, mwaka wa 2025

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo. Ile taa ndefu ya huko nyuma tumeizima juu ilikuwa inapepesa, wenye wamekaa gizani wavumilie.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitakaa hapo sana. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika isipokuwa Agosti, tulitembelea wagonjwa Njoro na Lanet, tukawa na siku ya daktari wa masikio na chakula kilikuwa kizuri. Tulianza na wanachama 61, wakaingia 9, wakatoka 4, na kati ya hao 4 wawili iligundulika shida yao haikuwa hii yetu ya kipandauso kinacholeta kizunguzungu, ni vile vichembe vya sikio la ndani vilikuwa vimehama mahali pake, fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya mwili, akawalaza akawageuza kichwa vile inatakikana na wakainuka wazima. Tunafurahi nao ingawa walienda na deni la ada. Pesa iliingia 98,400, ikatoka 91,750, hayo mengine mweka hazina atasema.

Sasa nije kwa hii maneno ya vidonge, juu najua ndiyo imewaleta wengi leo.

Kwa muda mrefu chama kilikuwa kinanunua vidonge vya kutuliza kizunguzungu na vya maumivu kwa bei ya jumla halafu kila mtu anachukua zake. Mwezi wa tatu kamati iliamua hiyo ikome na 38,000 ziende kwa fizio wa kutufundisha mazoezi na kuchapisha daftari za kuandika kila mara mtu anashikwa. Tangu hapo nimeitwa majina kwa grupu, ati mwenyekiti amekula pesa ya dawa, ati anatufundisha kutikisa kichwa kama mjusi, na kuna mzee mmoja namheshimu sana alisema mimi siumwi vizuri ndio maana sijali. Huu ugonjwa niko nao kabla wengi wenu hamjajua unaitwaje, na kabla hiki chama kianze nilitibiwa malaria, taifodi, presha na nikaombewa mapepo.

Vile vidonge vya kutuliza ni vya siku mbili tatu, wakati nyumba inazunguka na unatapika. Ukivimeza kila asubuhi kama chai ubongo haupati nafasi ya kujifunza kusimama wenyewe, na kuna aina zingine ukikaa nazo sana, hasa ukiwa mzee, zinaanza kukuletea mikono kutetemeka na mwili kukakamaa. Hizi za maumivu nazo, hata zile za kawaida za dukani, ukifikisha siku 15 au zaidi kwa mwezi na uendelee hivyo miezi mitatu, ni dawa yenyewe inakuletea kichwa. Tulikuwa na watu wanabeba paketi tatu kwa mkutano mmoja na bado wanalia, na ni pesa ya chama ilikuwa inafanya hiyo kazi.

Halafu watu wakaanza kupeana hata zile za daktari. Propranololi, moja ya zile za kuzuia kipandauso, ni dawa nzuri kwa wengi wetu na si ghali, lakini mtu wa pumu hapewi. Kuna mtu alikuwa ameshaitisha za mwenzake na ana pumu, nilimzuia mimi mwenyewe, ulizeni katibu. Amitriptilini nayo wengine waliitupa juu mtu wa duka la dawa aliwaambia ni ya wenye huzuni, ndiyo, ilianzia huko, lakini kwa dozi ndogo usiku inazuia kipandauso. Na hizi za kuzuia hazifanyi kazi kwa wiki moja, mpe daktari wako miezi miwili mitatu kabla useme imekataa.

Daftari mlizicheka pia, ati tumerudi darasa la nne. Nisikizeni. Huu ugonjwa hauna kipimo cha damu, na skani ya MRI mara nyingi inatoka safi, mtu analipa pesa nyingi anaambiwa hana kitu. Daktari anategemea maelezo yako. Tangu 2012 wataalamu wa masikio na wa kichwa duniani walikubaliana waangalie hivi: uwe umeshikwa angalau mara 5, kila mara kati ya dakika 5 na masaa 72, uwe na historia ya kipandauso, na angalau nusu ya hizo mara kuwe na dalili zake, kama kichwa kugonga upande mmoja au kuchukia mwanga na kelele pamoja. Kichwa si lazima kiume kila mara, hapo ndipo wengi tulipotelea. Sasa bila kuandika utakumbuka aje? Wenye waliandika waliona wenyewe, ni usingizi mbaya, ni kuruka chakula cha mchana, kwa akina mama ni siku za mwezi, mwingine ni zile taa za matatu na jua la kupita kwa miti ukienda Naivasha.

Mahudhurio. Kwa chama kingine mtu akisema alishikwa na kizunguzungu anahurumiwa, hapa kwetu ndio udhuru wa kila mtu na hakuna anaweza kubisha, mmeona hiyo shida. Lakini mtu anatuma ujumbe amelala chumba chenye giza, halafu jioni status yake iko Kisumu kwa harusi kando ya spika. Siku ya fizio tulilipia watu 40, wakakuja 14, na wale walipiga kelele zaidi kuhusu pesa yake hawakuwa. Hao 14 wengi wanaendelea na mazoezi na wanasema sasa wanaweza kupita katikati ya rafu za supamaketi bila kushika toroli, sisemi ni mimi, lakini mimi ndiye nilimtafuta huyo fizio na kumbembeleza kwa bei.

Ada ni 200 kwa mwezi. Waliomaliza mwaka ni 27 kati ya 66. Sitataja majina, ingawa katibu alinishauri nitaje.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufungua tawi Kisumu, kumrudisha fizio, na kuongea na watu wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, kuhusu dawa za kuzuia, tukipata mtu wa kutufikisha kwao. Pia tuangalie ukumbi usio na hizi taa.

Kama kuna mtu anataka vidonge virudi alete hoja kwa maandishi, awe amelipa ada, na aseme ni daktari gani atavisimamia. Mweka hazina, karibu.