Mhariri, mizunguko mitatu ya kwanza mmeipeleka wapi?

Mhariri,

Nanunua gazeti lako tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kukusumbua kwa barua. Ila ile habari ya Jumanne, ya mbio za maili za vyuo vya Marekani, imenishinda kumeza. Mmeandika kijana "ameibuka ghafla", mkaweka muda wake wa mwisho na picha amefumba macho, basi. Maili, kwenye uwanja wa mita 400, ni mizunguko minne na mita tisa za ziada. Nyie mmetupatia utepe wa mwisho tu.

Mwaka 1967 Jim Ryun, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas, miaka 20, alikimbia maili pale Bakersfield kwa dakika 3:51.1. Mwaka 1975 Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi akaikimbia Kingston, Jamaika, kwa 3:51.0. Kwa uandishi wenu, msomaji atadhani ni mbio ileile imerudiwa. Wapi! Ryun alimaliza mizunguko mitatu kwa karibu dakika tatu, ndipo akafyatuka. Bayi aliwasha moto bunduki ilipolia: mzunguko wa kwanza sekunde 57 hivi, wenzake nyuma wanajiuliza wamfuate au wamsubiri achoke. Rekodi mbili za dunia, tofauti sehemu moja ya kumi ya sekunde, na hesabu mbili zisizojuana kabisa. Sasa huyo kijana wenu alivuta wenzake au alivutwa nao? Fainali nyingi za vyuo kule hakuna aliyewekwa kuongoza kasi. Watu hutegeana, wakitazamana kama wadeni, mpaka kengele ya mzunguko wa mwisho. Akishinda mtu hapo hajaibuka, amevizia. Na mkimbiaji wetu Suleiman Nyambui, aliyesoma El Paso, Texas, akapata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980, naye mtasema aliibuka?

Nina uchungu wangu binafsi, sifichi. Chuoni kwetu tulikimbia mita 1,500 kwenye uwanja wa nyasi uliopimwa kwa hatua za mwalimu wa zamu. Kengele ilikuwa rimu ya lori kwenye mwarobaini. Niliongoza tangu mwanzo, nikijiona Bayi mdogo. Mpiga kengele, mdomo umejaa mandazi, akaigonga ikiwa imebaki mizunguko miwili. Nikamwaga kila kilichokuwamo miguuni, nikapita mstari mikono juu, nikaambiwa, "Mwalimu, endelea, bado mmoja." Nikawa wa sita. Ubao wa matangazo uliandika jina na nafasi tu. Mpaka leo kijijini mimi ni yule aliyeshindwa pumzi.

Uwanja wenyewe siku hizi ni wa maturubai ya harusi na mikutano ya hadhara. Watoto wanakimbia wakiruka mashimo ya nguzo, halafu nyie mnauliza mbona medali zetu ni chache. Mpira wa miguu una kurasa nne na mikeka ya kubeti ukurasa mzima!

Ombi langu ni dogo. Kata mistari minne kwenye hilo tangazo la kubeti, uandike muda wa kila mzunguko. Na mwandishi wako mnunulie saa ya kukimbilia, hata ya mtumba, kisha mlete huku Babati akimbie maili moja. Nitamgongea kengele mwenyewe. Rimu bado ipo.

Mwalimu mstaafu,
Babati