Mgeni wa Mwaka

Jambiani, Unguja
Julai

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa watoto wote hapo Nakuru. Mimi ni mzima wa afya, na furaha niliyo nayo wiki hii haiwezi kungoja mpaka tuonane Desemba. Nimetoka Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sikukuu yao ya mwaka mpya wa jadi. Nataka uyasikie haya kwangu kabla hujaonyeshwa picha na watu wengine.

Unajua kazi ninayojitolea hapa ni ya kuweka sawa vitabu vya hesabu vya kikundi cha akina mama wa mwani. Mwani haujui Jumamosi wala Jumapili, unafuata maji. Bamvua likifika, bahari hukupwa mbali kabisa, nao hushuka na kamba, tai-tai (vikamba vya kufungia mwani) na mbegu zao, wavune na kupanda upya kabla maji hayajarudi. Maji yakiwa mafu ndipo wanapopumzika, nami nikapumzika nao. Safari hii mapumziko yaliangukia Mwaka. Alhamisi jioni Mama ninayekaa kwake, ambaye ni mzaliwa wa Makunduchi aliyeolewa huku, akaniambia, "Mwanangu, kesho tunakwenda kwetu. Nyumba ya mama yangu haina mgeni mpaka leo." Alilisema kwa wasiwasi wa kweli, kama mtu aliyeishiwa unga.

Tulifika usiku tukalala kidogo tu. Alfajiri, baada ya sala, wanawake wa nyumba ile walinichukua pwani kukoga Mwaka. Wakati huu kusi inavuma, na upepo ule wa alfajiri una baridi ambayo hungeitarajia pwani, lakini walicheka na kurushiana maji mpaka na mimi nikasahau baridi. Tulirudi, Mama akafungua sanduku akanitolea doti mpya ya kanga, moja ya kiunoni na moja ya kichwani. Bibi, mama yake, alinitazama juu hadi chini, akasema, "Haya, sasa umekuwa mtu wa kwetu, kaa ule." Nikamwamkia tena shikamoo kwa furaha, akaitikia marahaba ndefu ya kuimba.

Mchana tukaelekea Kae Kuu, uwanja wa sherehe. Rafiki yangu, hapo ndipo ningetaka uwe kando yangu. Wanaume wa upande wa Kusini waliingia kwa wimbo, wa Kaskazini wakaingia kwa wimbo wao, kila mmoja na shina la mgomba mkononi. Wengine walivaa makoti mazito, wengine kofia za pikipiki. Wazee wanasema zamani walipigana kwa bakora. Siku hizi ni migomba, ambayo inapiga kelele kubwa kuliko inavyoumiza, ingawa utomvu wake ukishaingia nguoni ndio basi. Wakavamiana. Mashina yanapasuka, vumbi linapanda, watoto wamejaa juu ya miti wakitaja majina ya wajomba zao. Anayeanguka anainuliwa na yule yule aliyemwangusha. Nia ya mapigano haya ni kutoa kinyongo: kama ulikuwa na jambo na jirani yako mwaka mzima, unalimaliza pale, na likishaisha halitajwi tena. Nilimwona baba mmoja mnene, ametota jasho, amemkumbatia mwenzake huku wote wawili wakihema na kucheka. Mama akaninong'oneza kwamba wale walikosana juu ya mpaka wa shamba na hawakuwa wanasalimiana. Nilisimama nikiwatazama mpaka nikasahau kupiga picha.

Wakati wanaume wanapigana, wanawake nao hawakai. Wanazunguka uwanja kwa vikundi, kanga zao zinafanana, wanaimba. Nyimbo nyingine ni za kusifu, nyingine ni za kuwachokoza wanaume kwa yale waliyofanya mwaka uliopita, na wanatajwa bila kuogopwa. Dada mmoja alinishika mkono akaniingiza kwenye msafara, akanifundisha kiitikio kwa sikio, nikakiimba mpaka koo likakauka.

Halafu kikaja kibanda cha makuti. Wazee waliingia ndani, kikatiwa moto, wakachomoka mbio huku umati ukipiga kelele. Bibi alinieleza maana yake kwa utaratibu: nyumba ikiungua mwaka huu, waliomo watoke salama, na majirani wafike kuokoa. Kisha kila mtu akageuka kutazama moshi unaelekea wapi, maana mwelekeo wake unasomwa kuwa habari ya mwaka unaoingia. Kwa jinsi watu walivyoshangilia, nadhani habari ilikuwa njema.

Sasa nirudi kwenye ule wasiwasi wa Mama, maana ndio hasa ulionifanya nikuandikie. Kwa watu wa Makunduchi, nyumba isiyopata mgeni siku ya Mwaka inahesabiwa kuwa na mkosi. Mgeni si mtu wa kuvumiliwa, ni mtu wa kutafutwa. Tulipokuwa tumekaa mkekani kwa Bibi, tunakula wali wa nazi na mchuzi wa pweza, pakabishwa hodi. Aliingia bibi wa nyumba ya tatu, akasalimia wote, akakaa, akanywa maji, kisha akasema bila kuzungukazunguka, "Nyinyi mna huyu wa Kenya na wale wawili wa Dar. Sisi mpaka saa hizi hatuna hata wa dawa. Tuazimeni huyu." Wakajadiliana mbele yangu kwa heshima zote! Bibi yangu akakubali kwa sharti kwamba nile kwake kwanza nishibe. Nikapelekwa nyumba ya tatu, nikawekewa bokoboko ya ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikawa laini kama uji. Kabla sijamaliza, mjukuu wa nyumba ya pili akaja na ujumbe. Nikaenda na huko, nikapewa mkate wa kumimina na chai. Kijana wa Kijapani anayejitolea kufundisha hesabu shuleni, ambaye alikuja pia, tulikuwa tunapishana naye njiani, yeye anapelekwa kaskazini, mimi napelekwa kusini, na sote tumeshika matumbo. Kila nyumba niliyoingia walinishukuru. Hebu fikiria, mimi nimekula chakula chao, na wao ndio wanaoshukuru.

Unakumbuka jinsi nilivyokuwa na hofu kabla sijaja, kwamba nitakuwa mtu wa bara asiyejua kitu, wa kubebwa na wenyeji? Ile hofu imeniisha kabisa. Kuna siku moja kwa mwaka ambapo kuwa mgeni ni kazi yenye faida kwa watu wote, na niliifanya kwa moyo wangu wote.

Wapo wanaosema Mwaka Kogwa siku hizi ni maonyesho ya watalii. Mimi sikubaliani nao. Watalii walikuwepo, ni kweli, wanasimama pembeni na kamera. Lakini uwanja ulijaa watoto wa Makunduchi waliorudi kutoka Mjini, Dar es Salaam na hata Maskati. Binti mmoja aliyekulia Omani alilia alipomwona shangazi yake. Adhana ilipoadhiniwa, ngoma zilinyamaza, watu wakaenda kusali, wakarudi. Kitu cha kuwaonyesha wageni tu hakiendi hivyo.

Jioni nilikaa na Babu, mvuvi wa siku nyingi, akanifundisha hesabu ambayo vitabu vyangu vya kikundi havina. Sikukuu hii ndiyo Nairuzi ya zamani iliyotoka Uajemi, mwanzo wa mwaka wa jua, na wavuvi na wakulima wa pwani waliuhesabu kwa miongo: miongo 36, kila mmoja siku 10, halafu siku 5 za kumalizia, jumla 365. Kwa hesabu hiyo walijua lini kusi itageuka iwe kaskazi, lini vuli itakaribia, lini kupanda na lini kupandisha ngalawa. Kwa kuwa hawaongezi ile siku ya mwaka mrefu, kila miaka 4 Mwaka unatangulia siku moja. Babu anakumbuka utoto wake ulipokuwa ukiangukia Agosti. Aliniandikia miongo mchangani kwa kidole, safu kwa safu, na akanitaka nirudie mpaka nikaijua. Usiku ukaja na taarab, na huko sitakueleza, utanionea wivu bure.

Jumapili tulipita Kizimkazi Dimbani kuuona msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni mdogo na mtulivu, na bado unasaliwa. Kizimkazi ndiko alikozaliwa Rais Samia mwaka 1960, na baadaye akawa mbunge wa jimbo hili la Makunduchi kuanzia 2010 hadi 2015. Kwenye daladala utasikia habari zake hata usipouliza.

Sasa jambo langu kwako. Bibi ameniuliza kama nina rafiki. Nimemwambia ninaye, mmoja, anapenda kula na anajua kuimba. Ameshakuandika kuwa mgeni wa nyumba yake Mwaka ujao, na yule bibi wa nyumba ya tatu amesema safari hii haazimi tena, anataka wake mwenyewe. Kwa hiyo mwombe likizo bosi wako mapema, na dada yako umwambie aje pia, nafasi yake ipo. Panda basi la Mombasa, vuka Lungalunga, ushuke Tanga mpaka Dar, kisha boti. Nitakungoja bandarini Malindi, hii ya mjini Unguja, si ile ya kwenu Kenya. Njoo na majani ya chai ya Kericho, Bibi anayapenda, na nguo kuukuu za kuvaa uwanjani kwa sababu ya ule utomvu. Kanga usinunue, utapewa.

Nijibu haraka. Kuanzia keshokutwa bamvua linaingia na tutakuwa baharini, lakini jioni nipo.

Ni mimi swahiba wako,
wa Jambiani