Pikipiki Moja ya Lami na Vumbi: Pima Kilo Kabla ya Cc

Wateja wengi wanaotafuta pikipiki ya safari huanza na injini: cc ngapi zitatosha? Sisi huwarudisha kwenye njia wanazopita. Kipande kibaya kuliko vyote ni cha kokoto, mawe, tope au mchanga? Utapita hapo peke yako au na wenzako? Ikianguka, nani ataiinua? Lami huvumilia karibu kila pikipiki, kwa hiyo kipande hicho kibaya ndicho kinachopaswa kukuchagulia, na jambo la kwanza kitakalokuuliza ni uzito.

Yamaha Ténéré 700 ikiwa imejazwa mafuta na oili ina kilo 204 hivi. BMW R 1250 GS inafika karibu 249. Honda CRF300L ni kama 142 tu. Hapo bado hujafunga kitu. Bampa za kukinga injini huongeza kilo 5 hadi 7, bamba la alumini la chini ya injini 3 au 4, na masanduku mawili ya alumini pamoja na fremu yake 15 hadi 20. Ile ya kilo 204 sasa iko kati ya 227 na 235, na hata nguo hujapakia. Soma pia maandishi madogo ya mtengenezaji, kwa sababu wengine hutaja uzito bila petroli. Lita moja ya petroli ina kama robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi la lita 24 likijaa ni kilo 18, tena zimekaa juu, mahali ambapo uzito husumbua zaidi.

Kama sehemu kubwa ya mwendo wako ni lami, na vumbi lako ni barabara pana iliyopigwa greda, pikipiki kubwa itakufaa na utafurahia utulivu wake kwenye upepo. Kama kuna mchanga au njia za mawe na unasafiri peke yako, ushauri wetu ni usivuke kilo 210 kabla ya kufunga vifaa.

Baada ya uzito, tazama magurudumu. Inchi 21 mbele na 18 nyuma, kama kwenye Ténéré 700, ni mpangilio wa vumbi: gurudumu kubwa hupanda jiwe au ukingo wa shimo bila kugonga sana, na tairi jembamba hushika njia vizuri kwenye udongo uliolegea. Inchi 19 mbele na 17 nyuma, kama kwenye Suzuki V-Strom 650, hugeuka haraka zaidi kwenye lami, na upana wa tairi la mbele husaidia ukifunga breki kwa nguvu. Royal Enfield Himalayan imekaa katikati, 21 kwa 17. Rimu za spoku zikigonga jiwe hupinda na mara nyingi fundi anaweza kuzinyoosha, ilhali rimu za kumimina, zisizo na spoku, huweza kupasuka. Lakini spoku nyingi zinadai tyubu, na pancha ya tyubu maana yake ni kuvua tairi njiani. Tairi lisilo na tyubu unaliziba kwa nje, dakika chache, unaendelea.

Upepo wa tairi hubadilisha tabia ya pikipiki kuliko kifaa chochote utakachonunua. Kwa pikipiki ya uzito wa kati, lami inataka karibu psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 mbele na 36 nyuma, ukiongeza kidogo unapobeba abiria, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Kwenye kokoto na mawe shusha hadi 26 au 28. Ukishuka zaidi ya hapo, jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba. Kwenye mchanga mzito 18 hadi 20 inasaidia mno, kwa sababu tairi hutandaza mguu wake na kuacha kuzama, ila nenda polepole na jaza tena kabla ya kurudi kwenye mawe au lami. Pampu ndogo inayotumia betri ya pikipiki ni ya lazima, hatuioni kama anasa.

Tyubu ikiwa na upepo mdogo ina hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Unapofungua mafuta au kufunga breki, tairi huteleza kidogo kidogo juu ya rimu na kuiburuta tyubu, mpaka valvu inang'oka. Ile nati ndogo ya valvu usiikaze kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko. Tairi likianza kuteleza, utaiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima. Hapo toa upepo, rudisha tairi mahali pake, jaza upya.

Kwenye lami tatizo hugeuka. Injini ya silinda moja ya cc 300 itatembea kilomita 90 kwa saa bila shida, lakini ukiikamua saa nne mfululizo kwa 110, mikono inakufa ganzi na hakuna nguvu ya akiba ya kulipita lori. Silinda mbili za kuanzia cc 650 hivi huifanya kazi hiyo zikiwa zimetulia. Wengine hubadilisha spoketi (gia ya mnyororo) ya mbele kutoka meno 15 hadi 14 ili wapate nguvu ya mwendo wa polepole. Pale ambapo ya nyuma ina meno 45, uwiano hutoka 3.0 hadi 3.21, yaani mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika inakuwa karibu 5,360 kwa mwendo uleule. Kwa mawe na milima ni nafuu kwa klachi. Kwa siku nzima ya lami utachoka wewe, na mafuta yatakwenda zaidi.

Piga hesabu ya tangi kwa kipande kigumu. Lita 16 kwa ulaji wa lita 4.5 kwa kilomita 100 ni kama kilomita 350 za lami. Kwenye mchanga, ulaji ukipanda hadi lita 6, zinabaki 260 hivi, na akiba ni lazima uitoe humo.

Urefu wa siti huwatisha wengi. Ténéré 700 ina milimita 875, na mtu wa kimo cha kawaida hafikishi nyayo zote mbili chini. Jaribu kwanza kushusha mguu mmoja tu huku ukisogeza kiuno pembeni ya siti. Wengi hugundua inawezekana. Siti ya chini ni suluhisho zuri, ingawa magoti yatakunjika zaidi. Kushusha pikipiki yenyewe kwa kubadilisha viungo vya shokapu ya nyuma tunakushauri ukufanye mwisho kabisa: tumbo la injini linakaribia mawe, mbele nayo ni lazima ishushwe kwa kiasi kinacholingana, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima na kuangukia upande wa pili.

Shokapu zenyewe zipime ukiwa umevaa na kupakia. Inua gurudumu la nyuma hewani, pima kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake kwenye mkia. Kisha kaa juu, mwenzako apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari ya shokapu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka: kwa yenye milimita 200, lenga kama 60 hadi 65. Ikizidi, kaza springi. Ikiwa umekaza hadi mwisho na bado inazama, springi ni laini kwa uzito wako, na dawa ni kuibadilisha.

Hakikisha ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapobana breki) ya gurudumu la nyuma inaweza kuzimwa. Kwenye mteremko wa kokoto, ABS ya lami huachia breki mara kwa mara na pikipiki inaendelea kuteremka. Kuhusu mizigo, mabegi laini tunayapenda zaidi kwa mchanga: ukitelemsha mguu na pikipiki ikasonga mbele, sanduku la alumini linaweza kukuvunja mguu.

Ukinunua iliyotumika, fungua sanduku la filta ya hewa. Vumbi upande wa nje wa filta ni kawaida. Pitisha kidole upande wa ndani, kwenye mdomo wa bomba la kuelekea injini. Kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikivuta mchanga, na pistoni na silinda zimeshalika. Gonga spoku moja moja kwa spana: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio mfu. Inua mbele, zungusha usukani taratibu. Ukinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Njoo na buti zako na mzigo unaosafiri nao, tupime springi kabla hujalipa.