Barua kwa mdogo wangu anayeanza kazi wodini

Mdogo wangu,

Hongera kwa kupangiwa wodi. Kuchoma sindano na kupima presha utazoea haraka. Mimi nina wasiwasi na mdomo wako, na kalamu yako pia.

Anza na maelekezo ya dawa. Ukimwambia mgonjwa "mara tatu kwa siku", wewe unamaanisha kila baada ya saa 8. Yeye anasikia asubuhi, mchana na jioni, usiku mzima unapita bila dawa. Ukiongeza "baada ya chakula", anayekula mlo mmoja atameza mara moja tu. Kwa hiyo taja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, kisha umwambie kama chakula ni lazima au la. Dawa ya maji usiipime kwa neno "kijiko", maana vijiko vya nyumbani havilingani. Sema mililita 5, umwoneshe mstari kwenye sirinji isiyo na sindano.

"Meza ukisikia maumivu" nayo ina mtego wake. Parasetamoli ya mtu mzima ina kikomo: gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine huhitaji pungufu ya hapo. Usipotaja kuwa dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, atameza zote mbili na ini ndilo litakaloumia.

Ukimaliza, usiulize "umeelewa?" Nani atajibu hapana mbele ya foleni? Sema: "Nataka kuhakikisha nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, utaitumiaje?" Akikosea, badilisha maneno; kurudia yaleyale kwa sauti ya juu hakusaidii. Kisha uliza "una maswali gani?" na unyamaze kidogo, akusanye ujasiri.

Majibu ya vipimo yanahitaji sentensi mbili, si moja. Ukimwambia anayeishi na VVU kwamba virusi "havionekani", anaweza kudhani amepona na kuacha dawa. Mwambie vimepungua kiasi kwamba kipimo hakivioni kwa sababu anameza dawa, na akiendelea hivyo hatamwambukiza mwenza wake kwa kujamiiana. Halafu mwambie kuwa bado vimo mwilini, na akiacha dawa vitaongezeka tena.

Sasa faili. Ukiandika "mkaidi, amekataa dawa", zamu inayofuata itamkabili kama mkaidi, na hakuna atakayemuuliza sababu. Andika "hajameza dawa siku 3, anasema zinamtapisha." Hapo daktari ana la kufanya: kubadilisha dawa au kutibu kichefuchefu. Jihadhari na "anadai ana maumivu". "Anasema" inatosha, "anadai" tayari imemfanya mwongo. Na mgonjwa akiisoma faili yake, hatakuamini tena.

La mwisho ni zito. Mgonjwa akifa, ndugu zake wapeleke mahali pa faragha, waketi, kisha sema "amefariki". Najua tumelelewa kulizunguka neno hilo, lakini "tumejitahidi sana" au "ametutoka" humfanya aliyechanganyikiwa aulize kama amehamishiwa wodi nyingine, nawe utalazimika kumpa habari hiyo mara ya pili. Ukishasema, nyamaza. Maelezo ya mochwari na vibali yasubiri mpaka wao waulize.