Jumamosi ni zamu ya Ripley
Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunajadili riwaya ya The Talented Mr. Ripley ya Patricia Highsmith (1955). Sura 30, fupifupi; asiyemaliza avuke angalau safari ya San Remo, hata nusu ya kitabu haifiki.

Waliotazama filamu ya 1999, angalieni msichanganye: kule ugomvi wa botini unalipuka ghafla, kitabuni Tom Ripley, mhusika mkuu, anawaza kumuua mwenzake Dickie tangu wako kwenye treni. Na Meredith, mhusika wa filamuni, kitabuni hayumo kabisa.

Pigeni mstari kila zinapotajwa pete za Dickie, taipureta yake ya Hermes na sahihi za benki. Hapo ndipo roho inapodunda, maana ugenini Italia Mmarekani kama Dickie anatambulika kwa karatasi tu. Mongibello, anakoishi Dickie, msihangaike nao kwenye ramani, ni mji wa kubuni.

Mwisho wake msiuweke hapa grupuni, tafadhali.